Msaada: shiti mbili nikiskroli pamoja mistari inapishana

Mpanga_Safu
Wakuu habari zenu. Nina faili mbili za Excel, orodha ya malipo ya mwezi uliopita na ya mwezi huu, nataka kuziangalia ubavu kwa ubavu nijue nini kimebadilika. Nimeenda menyu ya View nikaziweka sambamba, ile ya kuskroli pamoja nimeiwasha, mwanzo zinaenda fresh kabisa ila nikishuka chini jina la kushoto halilingani na la kulia na kadri ninavyoshuka ndo zinazidi kupishana. Nikiweka filta upande mmoja, wa pili hausikii. Kuna na faili ya tatu ningependa iende nazo, inagoma. Kuna setingi nimeiruka au ndo ilivyo? Haya ni malipo ya watu, sitaki jina hata moja linipite.

fomula_kwanza
Ndo ilivyo mkuu. Ile kitu haisomi kilichomo kwenye seli, inafuata mwendo tu, ukishuka mistari 10 kushoto na kulia inashuka 10, basi. Sasa kama mwezi huu kuna mtu mpya kaingia mstari wa 40, wote wa chini yake wamesogea hatua moja, akiongezeka mwingine mbele zinakuwa mbili. Filta na kusoti kila dirisha na lake. Na inaunganisha madirisha mawili tu, la tatu utalipanga kwenye skrini ila halitafuata.

Binti Data
Kwa orodha fupi fanya hivi, zima kuskroli pamoja, sogeza upande mmoja mpaka majina yakae mkabala, washa tena, zitaendelea na tofauti hiyohiyo. Ila kila anapoongezeka mtu unarudia upya, orodha ikiwa ndefu utachoka.

Mpanga_Safu
Asante dada. Lakini mbona programu za kulinganisha maandishi zenyewe hazipishani?

fomula_kwanza
Kwa sababu zile zinalinganisha kwanza ndo zinaonyesha. Chukua mfano wa vimdiff, mojawapo ya programu hizo, ikikuta mstari upo upande mmoja tu inaweka nafasi tupu upande wa pili, kwa hiyo ukiskroli vitu viko mkabala. Excel inarukia kuonyesha moja kwa moja. Kwa malipo mimi siwezi kukushauri utegemee macho hata kama mistari ingelingana, macho huchoka. Tumia namba ya mfanyakazi, kila mstari uitafute kwenye orodha nyingine kwa fomula ya XLOOKUP, kama Excel yako ni ya zamani basi INDEX na MATCH, ulete kiasi cha mwezi uliopita utoe na cha sasa, pasipo sifuri ndo pa kuangalia. Halafu rudia kutokea orodha ya zamani kwenda mpya maana ukifanya upande mmoja tu waliotolewa hutawaona.

Mpanga_Safu
Nimekuelewa sana. Mimi nilitaka nihesabu kwa fomula ya COUNTIF tu namba ya mtu inatokea mara ngapi, ikitoka 0 najua hayupo. Namba zetu zingine zinaanza na sifuri, kuna shida?

Binti Data
Ipo kubwa. COUNTIF inaona 007 na 7 ni kitu kimoja hata zikiwa zimeandikwa kama maandishi, watu wawili watachukuliwa kama mtu mmoja. MATCH yenye 0 mwishoni, yaani inayotaka kilingane kabisa, inazitofautisha. Ila hakikisha namba ni maandishi kwenye faili zote mbili, la sivyo itakwambia hayupo wakati yupo.