Nimeuziwa koilova za mashindano nikafunga kwenye Majesta, nakaa Mtwara. Muuzaji eti barabara zetu ndizo mbovu!

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nimelalia tumbo maana mgongo umekataa kiti, na kilichoniumiza mgongo ni hizo koilova, vyuma vinne vya kubebea gari nilivyovilipia mwenyewe shilingi 1,850,000, nikiwa na akili timamu na bila kushikiwa panga.

Gari ni Toyota Crown Majesta, modeli ya UZS186, V8 ya lita 4.3. Wanaoijua wanaijua. Hii haikuja na springi. Kila mguu unakalia mfuko wa mpira wenye hewa, kompresa inajaza, sensa zinapima gari limeinama wapi, kompyuta inasawazisha. Ikiwa nzima unapita tuta pale Mikindani unajiuliza kama wameling'oa. Nimeitumia hivyo miaka mitatu, raha mustarehe.

Mwaka jana kuelekea msimu wa korosho ikaanza tabia. Jioni naiegesha imesimama vizuri, asubuhi mguu wa nyuma kulia umelala kama ng'ombe anayecheua. Nikiwasha, kompresa inanguruma weee ndipo gari linyanyuke. Nikakoroga sabuni ya unga, nikapaka kwenye mfuko, povu likachemka pale mpira unapojikunja. Ufa mwembamba kama unywele. Mpira umezeeka, basi, si ugonjwa wa ajabu. Ukiuacha, kompresa ndiyo itakayoungua kwa kufanya kazi bila kupumzika.

Hapo ningebadilisha mifuko miwili ya nyuma yakaisha. Lakini nani alinituma niulize watu?

Kila niliyemuuliza: "Toa hayo madude ya hewa, funga springi." Sawa, hata hilo si dhambi. Majesta kibao zimeshatolewa hewa, watu wanafunga springi na shokapu za Crown Royal, ndugu yake wa springi za kawaida, na maisha yanaendelea. Nikampigia muuzaji mmoja wa spea Dar (jina silitaji, sitaki uzi uondolewe). Nikamweleza vizuri, na meseji ninazo. Nakaa Mtwara. Nabeba watu wazima. Tandahimba naenda mara mbili kwa mwezi. Dar nikijaliwa, kwa kupitia Kilwa, ambako tangu Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kikate barabara nilishaijua michepuko yote (ya barabara, tafadhali). Nataka gari litulie kama zamani. Akajibu: "Boss wangu, nina koilova hapa, kliki 32, unaset mwenyewe laini au ngumu. Hutajuta."

Kwa wasiozijua, koilova ni shokapu na springi vilivyovalishana, mwili wake una nyuzi kama boliti, unapandisha au kushusha gari kwa kuzungusha nati. Wanaozifurahia ni watu wa kulaza gari chini na kukata kona uwanjani. Hilo nimelijua hela ikishatoka. Mzigo ukaja na basi, boksi jekundu zuri kiasi cha kuweka sebuleni.

Fundi wangu wa hapa, kijana mwenye mkono mzuri na mdomo mzuri zaidi, akafunga kwa siku moja. Gari likashuka mpaka vidole viwili haviingii kati ya tairi na fenda. Bodaboda wakashangilia. Nakiri, hata mimi nilipiga picha.

Wiki hiyohiyo nikamfuata mama mkwe Tandahimba, ana miadi hospitali. Kaketi nyuma, na chupa yake ya chai na kimfuko cha korosho. Kwenye vile vipande ambavyo lami haijamalizika, nikimwangalia kwenye kioo naona kashika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, kitenge kimemdondoka begani hana mkono wa kukirudishia. Chupa ikaruka, kifuniko kikafunguka, chai yote kwenye zulia. Mama kimya. Tulipofika Nanguruwe, kwenye lami kabisa, ndipo akaniuliza kwa ule upole wao wakwe: "Baba Salma, lile gari lako la zamani uliliuza?"

Yumo ndani yake, wakuu.

Jioni nikaingia uvunguni na tochi. Springi ya mbele imeandikwa 62-180-12. Nikasoma, nikauliza wanaojua. 62 ni upana wa ndani kwa milimita, 180 ni urefu, na 12 ndiyo iliyoniua: zinahitajika kilo 12 kuibonyeza milimita 1. Piga hesabu. Ili springi ibonyee sentimita 3 tu, inataka kilo 360. Isipobonyea unabonyea wewe.

Kliki nazo? Nilizungusha kutoka 1 hadi 32, miguu yote minne, kilichobadilika ni vidole vyangu kuwa vyeusi. Na hata zingefanya kazi, kliki zinarekebisha njia ya mafuta ndani ya shokapu. Ugumu wa springi uko palepale. Kwa hiyo ile "unaset mwenyewe laini" ilikuwa uongo tangu boksi likiwa limefungwa.

Fundi akaja na akili mpya: tupandishe gari lisikwangue matuta. Akakaza nati kwenda juu, gari likainuka, nikafurahi nusu saa. Kumbe ukipandisha kwa njia hiyo shokapu inakuwa imeshanyooka karibu yote, mguu hauna tena pa kushukia. Tairi likidondokea shimoni, chuma kinagota, ko! Sasa nina gari gumu likipanda na linalogonga likishuka. Wiki ya sita shokapu ya mbele kushoto ikaanza kuvuja mafuta.

Halafu taa. Ukitoa mifuko, kompyuta inaitafuta haioni, inawasha taa ya onyo. Siku narudishiwa gari taa haikuwaka, nikasema kijana fundi kweli huyu. Mwezi uliopita nafuta dashibodi, kitambaa kikanasa kitu. Kipande cha selotepu nyeusi, kimekatwa kwa ustadi kabisa, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kimebandikwa juu ya taa. Nilikaa kimya dakika nzima. Unajua mtu mpaka akate selotepu kwa umakini ule, kazi anaiweza. Kaamua tu.

Nikarudi kwa muuzaji, kwa ustaarabu, picha na video juu. Akanijibu hivi, nanukuu neno kwa neno: "Boss hizo ni za barabara za kueleweka, barabara zenu huko kusini ndo mbovu." Nilipouliza kurudisha: "Kitu kikishafungwa hakirudi." Kisha akaniblock.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Barabara yetu si siri. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanashuka Masasi, Mingoyo, mpaka bandarini kwetu, usiku na mchana, na lami inaonyesha. Ujumbe wangu wa kwanza kabisa ulitaja Tandahimba na Kilwa. Barabara haikubadilika kati ya siku niliyotuma muamala na siku niliyolalamika! Ungeniambia "mzee, hizi si zako, tafuta springi laini na shokapu za kawaida", ningekuheshimu na ningerudi kununua bushi.

Wale wa "mjini shule" na "ungenunua IST" naomba mpite kushoto, leo sina nafasi yenu.

Nikaenda kwa fundi kudai mifuko yangu ya zamani. Mitatu ilikuwa mizima. Akatazama chini, akachora mchanga kwa kiatu. Alishampimia mtu wa vyuma chakavu. Kwa kilo.

Kwa hiyo natafuta, yeyote aliye Mtwara, Lindi au hata Masasi: mifuko mipya ya hewa ya UZS186, au seti ya springi na shokapu za Royal iliyotoka kwenye gari lililokatwa. Ukiwa nayo niambie gari lilikuwa na injini gani, maana springi ya V6 ya lita 2.5 ukiiweka chini ya pua ya V8 italala.

Koilova zipo, nauza 400,000, boksi bado linang'aa, ile inayovuja nimeitia alama. Aliyeniuzia akizitaka, kwake ni 1,850,000, na nauli ya basi juu yake.