Usonji, miaka 2 na miezi 9: tuisheni ya nyumbani, chekechea au darasa la shule? (Ireland)

MamaK_Dublin
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Ripoti ya mwanangu imetoka mwezi uliopita: usonji. Bado haongei. Akitaka maji ananishika kiganja na kunivuta hadi bombani. Naambiwa njia ni tatu na zote serikali inalipa: mwalimu aje nyumbani, chekechea ya kawaida yenye msaada, au darasa dogo la usonji shuleni. Mume wangu anataka chekechea azoee wenzake. Mimi moyo uko nyumbani. Nyie mliopitia mnasemaje?

BabaTatu
Pole dada, na hongera kwa kupata ripoti akiwa mdogo hivyo. Ila tuelewane kwanza: tuisheni na darasa huchagui. Ruzuku ya tuisheni ni ya mtoto aliyekosa nafasi darasani, na afisa wa serikali wa elimu maalum, wanamwita SENO, ndiye anayethibitisha kwamba nafasi hakuna. Kwa umri wa mwanao ni saa 10 kwa wiki. Akitimiza miaka 3 zinakuwa 20. Nafasi ya darasa ikipatikana, ruzuku inakoma. Na kila mwaka wa shule unaomba upya.

Kilichotuumiza sisi ni kwamba mwalimu unamtafuta mwenyewe. Saa tuliidhinishiwa Septemba, mwalimu tukampata Novemba. Ndani ya wiki hizo barua ilikaa juu ya friji, mtoto akikaa tu. Lazima awe amesajiliwa ualimu au ana sifa nyingine wanazozikubali, na polisi wawe wamemkagua. Anza kumtafuta leo, kabla hata ya fomu kujibiwa.

Nuru_Limerick
Mimi naitetea tuisheni. Mwalimu wetu alikuja na kichupa cha povu la sabuni. Anapuliza, anaacha, anasubiri. Kimya. Wiki ya tatu binti yangu akasema "po". Nikakimbilia jikoni kulia. Kwenye chumba chenye watoto ishirini nani angeisubiri hiyo "po"?

Halafu jambo moja, MamaK: msiache Kiswahili. Kuna mtu alinishauri nimwongeleshe Kiingereza peke yake, nikatii miezi miwili. Bibi yake akipiga simu mtoto alikuwa hageuki hata kutazama. Utafiti haujaonyesha kwamba lugha mbili zinamdhuru mtoto mwenye usonji. Sasa mwalimu anapuliza kwa Kiingereza, mimi jioni napuliza kwa Kiswahili.

Mama_Salome
Nuru, nimefurahi kwa ajili yenu, lakini chekechea msiidharau. Inaanzia miaka 2 na miezi 8, itimie kabla ya mwisho wa Agosti, kwa hiyo mtoto wa MamaK kwa Septemba ijayo anaruhusiwa: saa 3 kwa siku, siku 5, wiki 38 kwa mwaka. Msaada wa AIM, mpango wa serikali kwa watoto wenye ulemavu walio chekechea, ulioanza 2016, hauhitaji hata ripoti ya daktari. Ila mfanyakazi wa ziada huletwa kwa ajili ya chumba kizima, si wa mwanao peke yake. Mwanangu kelele zilimshinda. Alikuwa anajificha chini ya meza ya kulia chakula. Tulipopata darasa la shule, watoto 6, mwalimu mmoja na wasaidizi wawili, alitoka chini ya meza. Kwangu hilo darasa ndilo bora kuliko yote. Foleni yake tu ndiyo ndefu.

Shangazi_Nrb
Nawasoma kutoka Nairobi. Huku vituo vya tathmini vya EARC vipo tangu 1984, nasi tulipimiwa huko na kuelekezwa shule. Lakini mwalimu wa nyumbani namlipa kwa mfuko wangu, siku mbili kwa wiki, na mwezi mgumu inakuwa moja. Hizo saa 20 mnazozitaja zitumieni zote jamani, hata dakika isipotee.

BabaTatu
Shangazi kasema kweli. MamaK, jina liingie kwenye foleni za shule zaidi ya moja, fomu ya tuisheni itumwe wiki hii, na SENO mpigie wewe. Usisubiri akupigie.

MamaK_Dublin
Asanteni mno. Nimemsomea mume wangu hapa mezani, amekubali tuanze na tuisheni huku tukisubiri darasa. Fomu naijaza usiku huu. Kaka BabaTatu, yule mwalimu wa Novemba mlimpata wapi?

BabaTatu
Tulibandika tangazo chuo cha ualimu. Nakuandikia faraghani maneno tuliyoyatumia.