Maneno ya Mtakatifu Maria Magdalena de' Pazzi: ni yake au ni ya masista wenzake?

Katekista wa Tororo

Tumsifu Yesu Kristo. Sikukuu ya Mtakatifu Maria Magdalena de' Pazzi, tarehe 25 Mei, inakaribia, na jumuiya yetu ndogo ndogo imenipa kazi ya kueleza maisha yake. Nilipotaja njozi zake, zilizoandikwa na masista wenzake, mzee mmoja aliniuliza: ikiwa mtakatifu huyu hakuketi mwenyewe na kalamu, tutajuaje kwamba tunayosoma ni maneno yake, wala si mawazo ya waliomzunguka? Sikuwa na jibu. Aliongeza kwamba hata huku kwetu wapo wanaoanguka kwenye mikesha na kusema mengi, na kesho yake kila aliyekuwapo anasimulia lake. Naomba msaada wenu.

Sista wa Jinja

Milele amina, katekista. Mzee huyo ameuliza vizuri.

Maria Magdalena alizaliwa Florence, Italia, mwaka 1566, katika ukoo wenye jina kubwa, akabatizwa Caterina. Mwaka 1582 aliingia kwa watawa Wakarmeli wa monasteri ya Santa Maria degli Angeli, na sababu mojawapo ya kuchagua monasteri hiyo ni kwamba masista wake walipokea Komunyo karibu kila siku, jambo lililokuwa nadra wakati ule. Akiwa mnovisi, yaani mtawa anayejiandaa kuweka nadhiri, aliugua sana, hata ikaonekana afadhali aweke nadhiri mapema kabla hajafa. Aliziweka Dominika ya Utatu Mtakatifu, tarehe 27 Mei 1584, akiwa na miaka 18, na tangu siku hiyo, kwa muda wa siku arobaini, alikuwa akitekwa na Mungu, yaani akizama katika njozi, kila baada ya kupokea Komunyo.

Hapo ndipo maandishi yalipoanza. Kwa utii kwa muungamishi alitakiwa kuwaeleza masista yaliyompata, nao wakaandika. Baadaye, alipokuwa akisema katikati ya njozi zenyewe, waliandika hapo hapo: pengine alisema kwa kasi, pengine alikaa kimya muda mrefu, nao waliandika hata ukimya huo na ishara za mwili wake.

Mwalimu wa historia, Masaka

Nakubaliana na Sista, ila tusimjibu mzee kwa haraka mno. Sikio linachagua, na mkono wa mwandishi unapanga sentensi ambayo msemaji labda aliiacha nusu. Kwa hiyo mimi ningesema maneno ni yake, yakiwa yamepita mikononi mwa jumuiya iliyoishi naye. Nguvu ya ushahidi huo ni kwamba waandishi walikula naye meza moja kila siku, nao hawakuandika utamu tu. Kuanzia 1585 hadi 1590 alipitia miaka mitano ya majaribu makali ya kiroho, aliyoyaita tundu la simba, na kipindi hicho nacho kimo katika maandishi yao. Mwaka 1586, akiwa bado katika giza hilo, alitoa imla ya barua kuhusu kufanywa upya kwa Kanisa, mojawapo ikiwa kwa Papa Sixtus V. (Barua hizo mimi huzipenda kuliko njozi.)

Sista wa Jinja

Mwalimu, nakubali. Kuhusu mikesha, katekista, mwambie mzee atazame maisha ya kila siku. Masista waliosikia njozi hizo ndio hao hao waliomkabidhi kulea wanovisi, na mwaka 1604 akawa naibu wa mama mkuu. Mtu aliyevurugika akili asingekabidhiwa wasichana wa watu.

Katekista wa Tororo

Nawashukuru nyote. Nitaanza na masista walioshika kalamu, kisha ndipo nije kwenye njozi, na mwisho nitaje kifo chake mwaka 1607 na kutangazwa kwake mtakatifu mwaka 1669. Mwalimu, zile barua za 1586 zipo kwa Kiswahili au nitafute Mwitalia mmoja hapa mjini?

Mwalimu wa historia, Masaka

Mimi nilizisoma kwa Kiingereza. Nitakutafsiria kurasa mbili kabla ya Jumapili.