Tupeane uzoefu: umefanya nini nyumbani mpaka mkaa na kuni zikapungua? (Tabora na majirani)

Wakuu, habari zenu. Asubuhi yoyote ukisimama barabara ya Sikonge au ya Urambo utaziona baiskeli za mkaa zikiingia mjini zimepakiwa mpaka dereva haonekani. Kwa tanuri letu la kufukia udongo, kilo moja ya mkaa inakula kilo 5 hadi 10 za kuni, na kuni zenyewe ni miyombo na mitundu, miti ambayo nyuki wetu wanaitegemea. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini mtungi wa gesi ukiisha unataka hela yote kwa mkupuo, mkaa unapatikana hata wa kopo. Kwa hiyo tuambizane yale mtu anayoweza kuanza nayo leo.

Naanza mimi. Kwangu maharage ndiyo yalikuwa yanamaliza mkaa. Siku hizi nayaloweka jioni, asubuhi namwaga maji yale, nayabandika kwa maji mapya na kuyaacha yachemke kwa nguvu karibu nusu saa. Naipua sufuria bila kufunua, naitumbukiza kwenye kapu lililoshindiliwa matambara pande zote, juu nalaza mto. Mchana nayakuta laini na bado yanatoa mvuke, nabandika tena kidogo tu wakati wa kuunga. Zingatieni: yachemke kwelikweli kwanza, hasa mekundu, maana yakiivishwa kwa uvuguvugu yanasumbua tumbo. Na sufuria ijae, ikiwa nusu inapoa haraka.

Mama wa Kiloleni: Hongera dada. Mimi nashughulika na chenga. Gunia likiisha, zile za chini nazitwanga, nazichanganya na uji wa unga wa muhogo, nafinyanga matonge na kuyaanika mpaka yakauke ndani. Kuwaka yanachelewa, kwa hiyo nayatanguliza na mkaa kidogo. Yakishika, yanakaa. Wengine wanatumia udongo wa mfinyanzi, sawa, ila ukizidi unapata majivu tu.

Mfuga nyuki, Sikonge: Ndugu zangu, mjini mnapunguza mkaa, na sisi huku porini tuna la kwetu. Mzinga wa gome unatengenezwa kwa kubandua mti gome kuuzunguka, na mti uliobanduliwa hivyo unakufa. Yaani unaua mtundu ili upate nyumba ya nyuki wanaokula maua ya mtundu! Kikundi chetu tumehamia mizinga ya mbao. Ni gharama mwanzoni, ila unadumu miaka, na unakagua masega bila kuharibu kundi. Tangu hapo kila mwanakikundi ni mlinzi, kwa sababu moto ukipita msituni kiangazi asali ya mwaka huo ndiyo imekwenda.

Mkulima, Urambo: Mzee wangu wa Sikonge umesema kweli. Sisi wa tumbaku mabani yetu, yale mabanda ya kukaushia majani kwa moto, yanakula kuni kuliko jiko lolote. Nimepanda mikaratusi kwa ajili ya bani, mbali na kijito kwa sababu inakunywa maji sana. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni visiki. Miti ya miombo ukiikata haifi, inachipua. Kwenye kila kisiki nachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine napogoa, ng'ombe nawazuia. Sinunui mche wala simwagilii, mizizi iko chini tayari. Jamani, tuache kung'oa visiki.

Kibirizi, Kigoma: Huku kwetu tukishabangua mise, yaani kokwa za michikichi, maganda hatutupi. Yanawaka vizuri sana, mama ntilie wengi wanayachanganya na kuni.

Mgeni wa Ipuli: Dada mwanzisha uzi, kapu linaweza makande?

Mwanzisha uzi: Linaweza, mdogo wangu. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, chemsha saa nzima, ingiza kapuni mpaka mchana. Ukikuta mahindi bado magumu, rudisha motoni yachemke tena, kisha kapuni mara ya pili. Chumvi weka mwishoni.