Ulaya iandike sheria kwa mtindo mmoja?

Mtetezi: Wakuu, nchi za Umoja wa Ulaya zilazimishwe kuandika sheria kwa mtindo mmoja au la? Tangu 1998 Bunge, Baraza na Kamisheni wana makubaliano ya uandishi bora, lakini yanawabana wao tu. Agizo, yaani sheria ya Umoja inayotaja lengo na kuiachia kila nchi itunge sheria yake ya kulifikia, likishafika nchini, kila mtu anajipikia kwake. Mimi nasema walazimishwe. Mtindo wa Kiingereza wa vifungu visivyoisha aachiwe Mwingereza, na bahati nzuri kashatoka kwenye Umoja.

Kipanga: Mwingereza kakukosea nini? Ana ofisi ya waandishi wa sheria tangu 1869, na mahakama zetu huku zinaendeshwa kwa mtindo huohuo unaoubeza. Kifungu kirefu kinamzuia hakimu kujitungia.

Mtetezi: Na mwananchi je? Kitabu cha sheria za kiraia cha Ufaransa cha 1804, kifungu cha 1382 (tangu 2016 ni cha 1240): sentensi moja tu, aliyesababisha hasara kwa kosa lake alipe. Miaka zaidi ya 200 imebeba fidia yote.

Kipanga: Imebebwa na majaji, ndugu yangu! Nisomee hapo dereva aliyegonga mtu bila kosa lake analipa au halipi. Ufaransa yenyewe ilibidi itunge sheria ya ajali za barabarani 1985.

Binti Pangani: Mada mmeiacha. Chukueni agizo la 1993 la masharti kandamizi kwenye mikataba ya walaji. Uingereza ilikuwa na sheria yake ya 1977. Haikuigusa, ikalinakili agizo karibu neno kwa neno kwenye kanuni za 1994. Mkataba mmoja, sheria mbili, vipimo viwili, mpaka 2015 upande wa walaji ulipounganishwa. Wajerumani 2002 waliyaingiza hayo ndani ya kitabu chao cha sheria za kiraia. Agizo ni lilelile. Shida ni mnaliweka wapi, urefu wa sentensi hauhusiki.

Kipanga: Si umeona? Kilichotuharibia ni kunakili maneno ya Brussels, makao ya Umoja.

Mtetezi: Kilichowaharibia nyie nani? Pasipoti umebadilisha lini?

Mzee wa Baraza: Vijana, heshima. Hiyo Brussels yenyewe, kanuni ya data binafsi ya 2016 ina ibara 99 na aya za utangulizi 173. Utangulizi haufungi mtu, Mahakama ya Ulaya ilishasema, lakini mawakili wanaukimbilia kila siku. Huo ndio mtindo wa kulazimisha wengine?

Kipanga: Wanaukimbilia kwa sababu ibara zimeachwa fupi mno, Mzee. Na Mtetezi bado hajanijibu kuhusu dereva.