Nilibatizwa kigango hiki, leo nimesimamishwa nikaribishwe kama mgeni

Ndugu zangu wa Malindi, naandika nikiwa bado sijavua nguo nilizoendea misa. Yule mnayemjua, mwenye daftari la mahudhurio nene kuliko Agano la Kale, leo wakati wa matangazo aliwaomba wageni wasimame. Walisimama wawili kutoka Kilifi, wakasalimu, wakaketi. Kisha akaelekeza kidole benchi la nne na kusema kwamba yule mgeni mwenye leso ya manjano naye asione haya, asimame atuambie ametoka parokia gani. Mwenye leso ya manjano ni mimi. Nilibatizwa hapo, nikapata kipaimara hapo, na maji yaliyochanganyiwa saruji ya sakafu aliyosimama juu yake tuliyateka mimi na wenzangu tukiwa wasichana. Nilisimama, nikapigiwa makofi ya kilo ambayo naamini yalisikika hadi kwenye mnara wa Vasco da Gama.

Ni miezi saba sasa tangu mama apigwe na kiharusi. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, namgeuza ubavu ili mgongo usichubuke, nikampaka mafuta ya nazi pale nyongani ambapo ngozi imeanza kulainika. Leo dada yangu amefika kutoka Mombasa, ndipo nikapata nafasi ya kwenda kusali.

Wajibu wenyewe siupingi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1247, inawataka waamini washiriki misa kila Jumapili na sikukuu za amri. Lakini Katekisimu, namba 2181, inasema kwamba mwenye sababu nzito hafungwi na wajibu huo, na inataja ugonjwa na malezi ya watoto wachanga kuwa mifano. Ikiwa mtoto mchanga anatosha kuwa sababu, mama mzima asiyeweza kujigeuza kitandani atakosaje kutosha? Katika Mathayo 25 Bwana anawahukumu watu kwa kumtazama au kutomtazama alipokuwa mgonjwa. Kwetu amefika paroko mara mbili, na katekista humletea mama Komunyo. Mwenye daftari hajabisha hodi hata siku moja. Na bado ananiuliza, mbele ya watoto niliowafundisha sala, natoka parokia gani!

MAJIBU

Mkaazi wa Muyeye: Pole sana, dada, na mama apate nafuu. Huyo namjua bila kutajiwa. Mume wangu alikuwa baharini wiki tatu, akarudi akakuta ameandikwa kuwa ameasi.

Mlokole wa Maweni: Dada, miezi saba ina Jumapili takriban 30. Hata moja hukupata jirani wa kukaa na mama kwa saa mbili? Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika kama wafanyavyo wengine, na haikutaja daftari wala kanuni. Tena mgeni hukaribishwa, hafukuzwi. Hasira yako imelizidi kosa.

Mwenye uzi: Ndugu, jirani nilimwomba, akaja, mama akalia mpaka nikarudishwa njiani. Sikulia nilipokosa misa 30 kama nilivyolia leo nilipoitwa mgeni. Nilisimama, kaka yangu. Watu walinipigia makofi.

Wa bara ya Lamu: Ninyi wa mjini mna misa mlangoni. Huku vigangoni kwetu padre huja kwa nadra, na Jumapili nyingine zote tunafanya ibada ya Neno pamoja na katekista, jambo ambalo kanuni 1248 inalihimiza pale padre anapokosekana. Hata hivyo nilipoomba barua ya ubatizo wa mwanangu niliambiwa daftari langu lina mapengo. Mapengo hayo ni ya masika, barabara ilipokuwa matope matupu.

Mkaazi wa Muyeye: Hilo la barua ndilo linalotuua. Kwetu mahudhurio na michango vimeandikwa katika ukurasa mmoja, kwa hiyo aliyehudhuria bila kutoa anahesabiwa kuwa hakuja.

Mlokole wa Maweni: Kwetu hakuna daftari, lakini mchungaji huhesabu viti vitupu kwa sauti, akataja na mwenye kiti. Sijui kipi ni afadhali.

Mpishi wa zamu: Jamani, naomba msaada. Misa ya Jumamosi jioni huanza saa ngapi siku hizi? Kanuni hiyohiyo ya 1248 inaihesabu kuwa imetimiza wajibu wa Jumapili, nami kesho yake naingia jikoni hotelini alfajiri.

Mkaazi wa Muyeye: Saa kumi na moja na nusu, lakini wahi, mabenchi ya nyuma hujaa mapema.