Nimefungiwa kuendesha Kenya. Uganda naweza kushika usukani?

Jabali_Kondele: Habarini wana jukwaa. Mimi ni dereva wa lori, korti imenifungia kuendesha kwa muda. Nimepata kazi ya Busia hadi Kampala, naanza Jumatatu. Je, marufuku ya Kenya inanifuata Uganda? Usingizi umenihama. Naomba majibu, matusi hapana.

OmenaKavu: Ulifanya nini? Korti haimfungii mtu kwa kupiga chafya.

Jabali_Kondele: Hilo halihusiani. Nimeuliza Uganda tu.

Mzee_Ugunja: Enzi zangu Malaba tulikuwa tunalala kwa foleni siku nne, ugali tunapikia chini ya trela. Turniboi wangu, yaani utingo, alipata mke pale pale. Nyinyi siku hizi mnagongewa mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja na bado mnalia.

MamaPacha: Ni pombe hiyo. Nimezika binamu yangu kwa sababu ya lori pale Salgaa, kwa hivyo usiniambie nikuhurumie.

Jabali_Kondele: Pole mama. Sawa, ni alkoblo, kile kipima pombe cha polisi. Chupa mbili, usiku, na sikugonga mtu. Walinipiga faini na miezi 12, imebaki saba. Karo ya watoto haingoji miezi saba.

Wakili_wa_Kijiweni: Ndugu, shukuru. Sheria ya Trafiki inaruhusu faini hadi shilingi 100,000 au jela hadi miaka miwili, au vyote. Sasa swali lako. Amri ya korti ya Kenya inafunga ndani ya Kenya, korti ya Uganda haitaitekeleza yenyewe. Lakini mgeni huendesha kule kwa leseni halali ya kwao, na yako imezimwa. Utaonyesha nini barabarani, picha ya harusi?

Shangazi_Kibuye: Mpwa wangu yuko Dublin. Ireland na Uingereza zina mkataba tangu 2010, wakaufufua 2017: ukifungiwa upande mmoja, upande wa pili nao unaweza kukufungia. Huko hakuna kujificha.

Jabali_Kondele: Shangazi, hii ni Busia. Nitatumia pamiti, yaani leseni, ya Uganda. Kuna jamaa ng'ambo nimeshamtumia nusu ya pesa.

OmenaKavu: 😂😂 Umeshatuma pesa ndiyo unaomba ushauri? Wewe unatafuta baraka.

Wakili_wa_Kijiweni: Kubadilisha leseni ya Kenya iwe pamiti kunataka ya Kenya iwe hai. Hiyo ya jamaa wako ni karatasi tu. Ukigonga mtu nayo, usitegemee kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari ya kuvuka mipaka, ikuokoe. Na lori linalala wapi?

Jabali_Kondele: Yadi iko Kisumu.

Wakili_wa_Kijiweni: Kumbe! Na Maseno, Luanda, Yala, Bumala utapita ukiruka? Kuendesha ukiwa umefungiwa ni kosa jipya, hata uwe na pamiti kumi.

Jabali_Kondele: Turniboi ataendesha hadi mpakani. Mimi napokea tukishavuka.

MamaPacha: Ana leseni ya lori?

Jabali_Kondele: Anajifunza. Na anaendesha kuliko wengi humu.

Samaki_Dunga: Ngojeni kwanza. Mzigo ni nini?

Jabali_Kondele: Samaki, wa Kampala.

Samaki_Dunga: Nauza samaki Dunga mwaka wa tisa. Samaki wa Uganda ndio wanaletwa huku, maana wetu hawatoshi. Nani anapeleka samaki Kampala? Hii stori imetungwa. Huyu ni karao, polisi, anatupima akili.

OmenaKavu: Nilijua! Hata "usingizi umenihama" ilinukia mtihani wa insha.

Shangazi_Kibuye: Na mimi nimemtaja mpwa wangu kwa karao. Yesu wangu.

Jabali_Kondele: Mimi si karao! Niliandika haraka. Tunaenda na kreti tupu, tunarudi na samaki.

Samaki_Dunga: Sawa, hiyo inaingia akilini. Basi kurudi, usiku, samaki kwa barafu inayoyeyuka, turniboi amechoka. Kutoka Busia nani anashika usukani?

Jabali_Kondele: Ni kama kilomita mia na kidogo tu.

Wakili_wa_Kijiweni: Mdosi wako anajua umefungiwa?

Jabali_Kondele: Nitamwambia tukimaliza safari ya kwanza.

Mzee_Ugunja: Kijana, ukipita hapa na hao samaki niachie ngege wawili. Wakubwa.